Kwa Nini Otília Haliamini Tena Basi la Vienna

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, siku ya Alhamisi, Otília Hudáková amesimama kwenye stesheni ya Košice, mashariki mwa Slovakia, begi amelibana katikati ya miguu. Anamkagua kila anayepita, kuanzia viatu hadi kofia.

Treni ya Vienna, Austria, inaingia. Yeye hana haraka. Anasoma kibao cha behewa, anamuuliza kondakta, kisha anamuuliza mama mmoja mwenye mbwa kama kondakta amesema kweli.

"Usinicheke," anamwambia mwandishi wa gazeti hili akishakaa, begi bado liko miguuni. "Nina miaka hamsini na saba. Watu waliodanganywa safarini nawajua kwa majina."

Otília ni mtunza wazee. Kila baada ya wiki mbili husafiri kwenda Vienna kuishi na Bi Hermine, bibi wa miaka tisini na moja, ghorofa ya tatu, mtaa wa Favoriten. Humpikia, humwogesha na kumgeuza kitandani. Wiki mbili zikiisha humpisha mwenzake, Zlatica Feketová wa mji wa Trebišov, na Otília hurudi nyumbani.

Malipo ni yuro tisini kwa siku. Mumewe alifanya kazi kiwanda cha chuma hadi mapafu yakamgomea, kwa hiyo nyumba nzima inategemea zamu hizo. Mwaka huu alikaribia kuzipoteza, na anaamini zingepotea kwa sababu ya usafiri.

Njia zote kati ya miji hii miwili amezijaribu, na hakuna hata moja iliyomwacha bila shaka moyoni. Ndege alipanda mara moja, wakaguzi wakamnyang'anya mitungi miwili ya jamu.

"Yule kijana ati ni kimiminika! Jamu yangu mimi? Ukiupindua mtungi haidondoki! Ameila yule, nakuapia."

Basi kubwa ni rahisi, yuro ishirini na tano, ila humshusha alfajiri, mbali na mtaa, na choo chake hufungwa kabla hata ya kufika mji wa Poprad, mwanzoni tu mwa safari. Kuna pia magari ya watu binafsi, ambayo abiria huitana kwa simu wakachangia mafuta. Aliyempakia alikuwa kijana mpole, lakini alipiga miayo njia nzima. "Nilimsimulia ndoa yangu yote ili asilale," anasema Otília. "Pamoja na mambo ambayo mume wangu hayajui."

Watunza wazee wengi hupanda basi dogo la wakala aliyewatafutia kazi. Nauli ni yuro sitini, karibu mara mbili ya treni, na safari huchukua saa kumi kwa sababu dereva humshusha kila mama mlangoni pake. Dereva wa njia ya Otília ni Rudo, mtu wa maneno matamu, na mwamba ngoma huvutia kwake. "Treni itakuacha stesheni, mama," alizoea kumwambia. "Hilo begi ngazi zote hizo atakubebea nani, meya?"

Basi hilo linalomleta mmoja ndilo linalomrudisha mwingine. Kwa hiyo kukabidhiana zamu hufanyika haraka haraka huku injini ikinguruma barabarani. Bibi amekula, vidonge viko kwenye kopo, kwaheri. Dakika kumi, zikizidi Rudo anapiga honi.

"Miaka sita tumelala kitanda kimoja, yeye wiki zake na mimi wiki zangu," anasema Otília, "na sikujua hata anacheka vipi. Nilimjua kwa masalio ya friji tu."

Na masalio ya friji hayawezi kumtetea mwenyewe. Otília alianza kuweka alama ya kalamu kwenye pakiti ya sabuni ya kufulia. Akafunga uzi kwenye mlango wa kabati lake. Uzi haukuwahi kukatika, jambo lililomtia wasiwasi zaidi, kwani aliona Zlatica ni mjanja kuliko alivyodhani.

Mwezi Februari, njiani, Rudo alimtazama kwenye kioo cha gari.

"Mama Otília, mimi simo," alisema. "Lakini mwenzio anasema umechoka. Anasema ukitoka wewe, bibi anabaki na michubuko mikononi. Na ana mpwa wake anatafuta kazi. Mimi simo lakini."

Otília anakiri kwamba hakumuuliza Zlatica. Angemuuliza saa ngapi, na honi ile? Badala yake alianza kupiga picha mikono ya Bi Hermine kila anapokaribia kuondoka, awe na ushahidi.

Aprili, Bi Hermine akiwa anakunywa kahawa yake ya maziwa, alinung'unika. "Mna nini na mikono yangu nyie? Na yule mwenzako naye ananipiga picha."

Kumbe mwenzake anakusanya kesi! Wiki moja baadaye wakala akapiga simu. Kuna malalamiko, akasema, huenda nyumba ile ikapewa watu wapya mwezi Juni.

Hapo ndipo alipoamua kwenda kumfumania Zlatica. Basi la Rudo hufika Favoriten saa kumi jioni. Treni ingemfikisha Vienna saa saba mchana. Alimdanganya Rudo kwamba mwanawe angempeleka kwa gari, akakata tiketi, akapanda ngazi zile za ghorofa tatu na begi lake bila meya, akafungua mlango kwa ufunguo wake polepole.

Zlatica alikuwa jikoni, simu mkononi, anapiga picha mikono ya Bi Hermine.

"Nimekukamata!" Otília alipiga kelele.

"Mimi? Wewe ndiye unayenyatia nyumba ya watu kama mwizi!"

"Picha hizo za nani?"

"Zako! Si unasema ninamchubua bibi wa watu? Unamtafutia mpwa wako nafasi, unadhani sijui?"

"Mpwa wangu? Si wako wewe?"

"Mimi sina mpwa! Mama yangu alinizaa mimi akaona inatosha!"

Otília hakuridhika. "Na upande wa mumeo?"

"Mume wangu alishaniacha, na wapwa zake wote akaenda nao!"

Bi Hermine aligonga sahani kwa kijiko. Supu ilikuwa inapoa na yeye alikuwa na njaa. Ikabidi wote watatu wakae mezani.

Walikuwa na saa mbili na nusu kabla ya honi, muda ambao hawakuwahi kuupata tangu waanze kazi. Zlatica alirudia aliyoambiwa na Rudo. Yalikuwa yaleyale, umechoka, michubuko, mpwa, na hata "mimi simo." Wakaziweka simu zao mezani, wakapanga picha kwa tarehe. Za Otília mwisho wa wiki zake, za Zlatica mwisho wa zake, miezi mitatu bila kuruka zamu, na mikono ya Bi Hermine haina hata doa.

"Tulikuwa tunachunguzana," anasema Otília, na anafuta macho bila kujificha. "Kumbe tulikuwa tunateteana. Niliona aibu, nakwambia. Aibu ya mtu mzima."

Akina mama wa basi lile wanasema Rudo hulipwa kwa kila mtu mpya anayempeleka kwa wakala. Gazeti hili lilipompigia simu, alicheka. "Wanawake wanane ndani ya gari kwa saa kumi nzima, unategemea nini? Mimi naendesha tu." Wakala hakujibu.

Picha walizipeleka kwa Gerlinde, binti ya Bi Hermine. Alizitazama moja moja, akauliza maswali mengi, mwishoni akaachana na wakala na kuwaajiri yeye mwenyewe. Alikuwa na sharti moja tu. Alitaka mmoja awe msemaji wa wote wawili na ashike ufunguo wa dawa na fedha za matumizi.

Otília alisema ashike Zlatica.

"Usiku ule sikulala," anasema. "Wala uliofuata. Lakini sikubadili neno."

Sasa wote wawili husafiri kwa treni, na kila baada ya wiki mbili hula pamoja mchana kabla ya mmoja kushika njia. Zlatica, imebainika, hucheka kwa kukoroma. Pakiti ya sabuni haina tena alama. Kabati, Otília anasema, tusilizungumze leo.

Treni inakaribia Vienna. Anaulizwa ana mpango gani baada ya hapa. Angependa siku moja yeye na Zlatica wapande treni moja, wakae dirishani wakitazamana, wale mkate na soseji hadi Košice. Haijawahi kutokea, kwa sababu mmoja akiwa njiani mwingine lazima abaki na bibi.

"Siku tutakayosafiri pamoja," anasema, akilivuta begi lake, "Bi Hermine atakuwa hayupo tena duniani. Kwa hiyo sina haraka nayo."