Aproni Niliyoifumua

Nimeshona sare za shule mjini Thika miaka mingi, hata nikikutana na mtoto njiani macho yangu huenda kwenye pindo la sketi kabla hayajafika usoni. Ni ugonjwa wa kazi. Kanisani wenzangu wakifumba macho kuomba, mimi huwa naona kola ya mzee aliyeketi mbele imekaa upande, na vidole vinaniwasha.

Sasa binti yangu wa gredi ya tano akaja nyumbani Ruiru na kitambaa cha buluu. Mwalimu wa kilimo alikuwa amewapa kazi ya wiki mbili: kila mtoto ashone aproni kwa mkono. Enzi zetu kilimo kilikuwa jembe na mbolea. Siku hizi, katika somo hilohilo, watoto hupanda sukuma wiki kwenye gunia, hupika, hufua na kushona. Na kwa kuwa shule yake ni ya Kikristo, juu ya hayo kuna ibada kila asubuhi na kifungu cha Biblia cha kukariri kila wiki, ambacho alikuwa akinisomea nikisonga ugali.

Alishona jioni sebuleni, ulimi nje, na hakuniomba msaada hata mara moja. Mshono wake ulikwenda kama njia ya mbuzi: unapanda, unashuka, unapumzika, unaendelea. Mfuko ulikaa juu upande mmoja. Nilivumilia mpaka akamaliza na kuikunja aproni ndani ya mkoba wa shule.

Jumamosi alipokwenda mazoezi ya kwaya, niliitoa nikijiambia naiangalia tu. Mara nikajikuta nimeshika wembe. Nilifumua yote, nikashona upya kwa mkono, mshono umenyooka, pindo limelala. Nilijiona mjanja kwa kutotumia cherehani, maana mwalimu angejua. Kisha nikaikunja kama nilivyoikuta na kuirudisha. Yeye hakuigusa tena, kwa sababu alijua kazi yake imeisha.

Jumatatu, ibada ya asubuhi ilikuwa kuhusu wale mume na mke wa kwenye Biblia waliouza shamba, wakadanganya mbele ya mitume, wakaanguka na kufa papo hapo. Baada ya mapumziko mwalimu akainua aproni ya binti yangu mbele ya darasa na kusema hiyo imezidi matarajio. Siku hizi hiyo ndiyo alama ya juu kabisa. Darasa likapiga makofi. Baadaye binti yangu alinisimulia kwamba alishika dawati kwa mikono miwili, akingoja kuanguka. Alipoona bado yuko wima, aliinua mkono akasema, "Mwalimu, hiyo si yangu. Yangu ilikuwa imepinda."

Jioni alinikuta jikoni. Laiti angekuja na hasira, ningejua la kumjibu, kwani kwetu hasira haijawahi kukosekana.

"Mami, kwani yangu ilikuwa mbaya sana?"

"Haikuwa mbaya."

"Sasa mbona uliifumua yote?"

Nilianza kumweleza habari za pindo, nikasikia ninavyosikika, nikageukia sufuria.

Siku zilizofuata ndizo zilizonitia hofu. Huyu alikuwa mtoto wa kunionyesha kila kitu: mchoro, jino lililong'oka, hata kidonda. Akaacha. Nikipita, daftari linafungwa. Kifungu cha wiki alikikariri bafuni, mlango umefungwa. Nilikuwa nampoteza nikiwa naishi naye nyumba moja, na mkosaji alikuwa mimi.

Mwalimu aliponiita, nilivaa gauni langu zuri na kubeba maneno makali, maana nikijua nimekosa ndipo huwa mkali zaidi. Niliyemkuta ni msichana mpole ambaye ningeweza kumzaa.

"Mwalimu, najua nilikosea, lakini mimi ni fundi na..."

"Nimesikia wewe ni fundi, mama," akasema. "Ndiyo maana nimekuita. Ijumaa uje utufundishe mshono wa mkono. Lakini darasani kwangu kuna sheria moja: mtu mzima hashiki kitambaa cha mtoto. Tunafundisha mikono ikiwa nyuma."

Maneno yangu makali nilirudi nayo nyumbani. Mpaka leo namshukuru Mungu kwa ajili ya mwalimu yule.

Ijumaa nilizunguka kati ya madawati, mikono nyuma kama mtoto aliyepewa adhabu. Sijawahi kufanya kazi ngumu namna ile. Wengine walijikuta wameshonea vitambaa vya mazoezi kwenye sketi walizovaa. Binti yangu alikuwa ameruhusiwa kuanza upya, na nilimkuta anafumua mshono wangu, mmoja mmoja, taratibu, bila kuchana kitambaa. Nilisimama nikautazama mshono mzuri ukiisha. Uliniuma, sitadanganya. Lakini niliona pia kwamba anajua kufumua kuliko mimi, maana mimi yake niliifumua kwa pupa.

Nilirudi Ijumaa ya pili. Binti yangu akaniita bila kuinua kichwa.

"Mami, uzi unajifunga mafundo."

"Umeukata mrefu mno. Pima usizidi mkono wako."

Akapima, akakata. Uzi ukapita. Jioni hiyo alikuja jikoni kunisomea kifungu cha wiki, na nilisonga ugali muda mrefu kuliko ulivyohitaji ili asione macho yangu.

Ijumaa ya tatu alimaliza. Njia ya mbuzi ilikuwa palepale, na mfuko bado ulikuwa juu upande mmoja. Mwalimu alimwandikia kwamba amefikia matarajio, naye binti yangu akatabasamu kipindi kizima. Kisha akanijia na aproni yake.

"Toa mikono hapo nyuma, mami, nikufunge."

Sasa mimi huivaa kila siku kazini. Juzi mteja aliyeleta sare ya mtoto wake aliutazama ule mfuko, akanitazama, akauliza kwa adabu kama fundi mwenyewe yupo.

"Fundi ni mimi," nikamwambia. "Lakini hii si yangu. Ameishona binti yangu."