Mashine ya Kufuma Kutoka kwa Ajenti wa Ruiru

Miaka ya tisini ikielekea kuisha, nilikuwa msichana wa miaka ishirini na tatu ambaye hatulii. Nilifanya kazi Thika mjini, juu ya duka la rangi na misumari, katika ofisi ya kupiga chapa. Tulikuwa na taipureta mbili, mashine ya fotokopi, na kompyuta moja ambayo mkubwa wangu alikuwa ameiunganisha na laini ya simu. Watu wakaanza kuja kutuma barua pepe kupitia anwani ya ofisi. Niliwaandikia, na jibu likija nililichapisha na kumwekea mwenyewe kwenye bahasha. Modemu ikilia, nilikuwa nimeshasimama. Nilijiona niko karibu na dunia kuliko mtu yeyote Thika.

Tangazo nililiona kwenye gazeti, kurasa za nyuma. Mashine za kufuma masweta kutoka Uingereza, zimetumika kidogo, bei nusu ya ile ya dukani. Hakukuwa na namba ya simu, ila anwani ya barua pepe tu. Nikamfikiria dada yangu. Alikuwa Ruiru na watoto wawili, kiwanda kilikuwa kimempunguza kazi, na alijua kufuma kwa mkono tangu tukiwa wadogo. Niliandika siku hiyo hiyo.

Kesho yake jibu lilikuwa limefika, la heshima kabisa. Mashine zilizobaki ni tatu, ajenti wao yuko kwenye godauni Ruiru karibu na reli, niweke nusu ya bei kwenye akaunti fulani ya benki kabla ya Ijumaa, wasije wakampa mwingine. Niliweka akiba yangu yote. Jioni hiyo nilimwambia dada kwamba mashine inakuja. Mtu mwingine sikumwambia.

Wiki mbili zikapita. Kila asubuhi nilifungua kompyuta kabla hata ya kuvua koti. Niliandika kuuliza, nikajibiwa kwamba meli imechelewa Mombasa. Niliandika tena, nikajibiwa maneno yale yale. Wateja wakiniuliza jambo nilikuwa nawajibu kwa mkato.

Ndipo akaja jirani yangu wa mtaa wa Landless, mama mmoja aliyewafumia watoto wa mtaa masweta ya shule kwa mashine kuukuu. Alikuja baada ya swala ya adhuhuri, kipande cha gazeti kimekunjwa mkononi. Kabla hajakikunjua nilijua ni tangazo gani.

Hapo ningesema. Sikusema. Nilitaka anunue, kwa sababu yule mama hakuwa mtu wa kudanganywa, na yeye akinunua basi hata mimi sikuwa nimekosea.

Alinisomea maswali yake polepole nikayaandika: mashine ina sindano ngapi, inachukua uzi mzito au mwembamba tu, inakuja na sehemu ya kufumia pindo au hiyo inauzwa peke yake. Jibu likaja, la heshima. Mashine zilizobaki ni tatu. Aweke nusu ya bei kabla ya Ijumaa.

"Hajaniambia sindano," akasema.

Akaniagiza niulize tena. Likaja jibu lile lile, na safari hii walimwita Bwana. Mara ya tatu hata karatasi hakuichukua. Alisimama tu akaisoma juu ya meza yangu.

"Binti, huyu hana mashine. Mwenye mashine ukimuuliza sindano hatanyamaza, atakueleza mpaka uchoke. Huyu anachojua ni Ijumaa."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia wazungu hawana muda wa maswali mengi. Aliniangalia kidogo, kisha akasema kama ajenti yuko Ruiru, si mbali, tukaone kwa macho. Jumamosi tukaenda.

Pale karibu na reli, mahali barua iliposema pana godauni, palikuwa na shamba dogo la nyasi za ng'ombe lililozungushiwa mabati. Tulizunguka mara mbili. Nilitaka kuzunguka mara ya tatu. Mwenye kioski cha ng'ambo ya barabara akatuita, akatuuliza kama na sisi tunatafuta mashine. Alisema wiki iliyopita alikuja mtu wa Kalimoni, na kabla yake mama wa Witeithie aliyelia hapo hapo barabarani.

Niliketi kwenye kreti ya soda nikamwambia mama kila kitu.

"Ulituma lini?" akauliza.

"Kabla hujaja ofisini."

"Na ukakaa ukiniandikia?"

"Nilitaka ununue," nikasema, "ili nijue sikukosea."

Alitangulia kwenda kituoni. Tulirudi Thika, na kwa siku nyingi salamu yake ilikuwa fupi.

Nilipiga ripoti polisi, nikaenda benki pia. Akaunti ilikuwa imeshafungwa. Nilimwandikia yule mtu wa tangazo kwamba nataka pesa yangu. Alijibu upesi kuliko siku zote, akiomba radhi: pesa yangu iko tayari, ila nilipe kwanza ada kidogo ya kuirudisha. Naona aibu kusema, lakini nilikaa na ile barua siku mbili, nikijiuliza nani angenikopesha hiyo ada. Halafu nikaona ameandika kwamba mwisho ni Ijumaa.

Baada ya hapo, mteja akija na tangazo la aina hiyo nilikuwa namuuliza: umewahi kumwona huyu mtu? Ulichomuuliza amekijibu? Kwa nini anakuharakisha? Mkubwa wangu aliniita akaniambia kazi yangu ni kupiga chapa, si kufukuza wateja. Nikaendelea, kwa sauti ya chini. Wengine walinisikia. Mmoja aliniambia nina wivu, akatuma.

Kilichobaki kilikuwa kumwambia dada. Mara mbili nilifika Ruiru nikageuka kabla ya lango lake. Mara ya tatu aliniona dirishani, ikabidi niingie. Chumba kilikuwa kimepangwa upya. Kitanda cha watoto kilikuwa kimesukumwa hadi mlangoni ili mashine ikae dirishani penye mwanga. Nikamwambia nikiwa bado nimesimama.

Aliosha mikono, akaifuta kwenye leso kidole kwa kidole.

"Kwa hivyo haikuwako kabisa?"

"Haikuwako."

"Basi shika hapo," akasema, akainama upande wake wa kitanda. Tukakiinua pamoja, tukakirudisha dirishani.