Kitufe Kilichokwama

Mnara wetu haukuwa wa kujivunia. Ulikuwa chumba cha vioo juu ya ngazi za mbao, kwenye kiwanja kidogo cha ndege upande wa Nanyuki. Miaka hiyo ya sabini nilikuwa msichana pekee aliyeongoza ndege pale, na baba yangu aliwaambia watu kwamba nafanya kazi posta.

Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo, na kwake kazi ni kitu unachoweza kukishika pembe. Tangu mama afariki tulikuwa tumebaki wawili nyumbani. Jumatatu iliyofuata nilitakiwa nihamie mnara mkubwa wa Nairobi, na sikutaka kuondoka bila baraka zake. Kila nilipomwomba aliniuliza kama ng'ombe amekamuliwa.

Ijumaa yeye mwenyewe akapanda ndege ndogo kwenda Doldol, na sanduku la barafu lenye chanjo likiwa mapajani. Rubani alikuwa kijana wa Mombasa, mpole, mpenda hadithi. Wakasimama kando ya njia ya kurukia kungoja ruhusa yangu, na hapo kitufe cha kusemea kikakwama.

Redio zile, mmoja akishikilia kitufe, wengine wote wamefungiwa mlango. Na kikikwama, mwenye nacho hana habari. Anaongea mambo yake, kila redio iliyo karibu inamsikia, naye hasikii mtu. Nikaita, nikaita tena, wapi! Wakati huohuo ndege ya watalii ilitokea upande wa Nyeri ikaanza kuzunguka juu yetu, haiwezi kuniomba kutua wala mimi kuijibu.

Kilichosikika hewani ni baba yangu akitafuna.

"Hii ndizi ni ya Mukurweini," akasema. "Shika moja. Hizi za huku ni maji tu."

Nikachukua taa ya ishara, nikawamulika kwa rangi nyekundu. Rubani angeinua macho tu angeiona, lakini alikuwa anamenya ndizi.

"Huyo anakaa huko juu," baba akaendelea, "ni wangu."

"Nani, mzee?"

"Huyo wa kuongea na ndege. Huyo ni mama yangu."

Nadhani rubani alikuwa anakadiria umri wa bibi huyo na jinsi anavyozipanda zile ngazi. Baba akamweleza kwamba kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, kwa hivyo ni mama kabisa, na iko na kichwa ngumu vilevile.

"Ati sasa anataka kuenda Nairobi."

"Nawe utamruhusu?"

Sikuizima taa. Watalii walikuwa bado wanazunguka, na petroli haiokotwi mawinguni.

"Sasa hiyo," baba akasema, "wacha nikuambie ukweli..."

Rubani akaiona taa. Nikasikia kishindo, tusi dogo la Kipwani, na kitufe kikaachia. Sijawahi kuichukia kazi yangu kama dakika ile.

Nikaiongoza ndege ya watalii ikatua. Rubani wake akanishukuru kwa adabu zote, kisha akasema naye angependa kujua mzee alimalizia vipi.

Yule wa Mombasa akaomba radhi. "Na mzee anauliza kama ulisikia."

Kazini kwetu usiposikia hubahatishi. "Sikusikia mwisho," nikajibu. "Arudie."

Baba akapewa kipaza sauti. Akawa anabonyeza kitufe ili asikilize na kukiachia ili aseme. Nilichopata mimi ni pumzi.

"Bonyeza ukisema, baba."

Pumzi. Kwa darubini nilimwona akikihutubia kile chuma, kidole juu, rubani akijaribu kumfundisha bila kumgusa.

Kisha injini ikazimika na mlango ukafunguka. Mzee akashuka na gambuti zake za mpira, akakatiza kwenye majani hadi chini ya mnara. Wajaza mafuta wakasimama. Watalii wakatoa kamera. Akaweka viganja mdomoni, jinsi watu wa kwetu wanavyoitana kutoka kilima hiki hadi kile.

"Enda!" akapaza sauti. "Enda Nairobi, mama! Mimi nilikuwa naogopa tu! Nyumba itanyamaza sana!"

Hakungoja jibu. Barafu ilikuwa inayeyuka, akarudi kwenye ndege mbiombio, na rubani akaomba ruhusa ya kuruka. Nikabonyeza kitufe, nikafungua mdomo, sauti ikakataa kutoka. Rubani akaita tena, kisha akauliza kama sasa ni redio yangu iliyoharibika.

Haikuwa imeharibika.