Siku Niliyowavusha Watu Barabara

Wakati wa vita vya kuwaondoa Wareno nilikuwa kibarua wa barabara. Tulikuwa watu sita na kapitao, mnyapara wetu, tukiziba mashimo kwenye njia ya vumbi itokayo Mocímboa da Praia kwenda bara. Kila asubuhi askari wa Kireno walitutangulia, wakiichoma ardhi kwa vyuma vyembamba kutafuta mabomu yaliyotegwa na wapiganaji wa msituni. Wakishapita wao, ndipo tunashuka na majembe. Kazi ile ilinizoesha kuitazama ardhi kabla ya kuikanyaga. Watu nao nikawa nawatazama hivyohivyo.

Basi tulipotangaziwa kwamba Jumapili kutakuwa na mashindano ya magari, na kwamba kijiji kizima kitoke kushangilia, sikufurahi. Kijiji chetu kilikuwa aldeamento, watu tumehamishiwa pale kwa nguvu na kuzungushiwa senyenge. Kwenda shambani kulihitaji kibali, na ukichelewa kurudi unaulizwa ulikuwa na nani. Leo watu walewale watufungulie geti tukaone magari?

Mke wangu alikuwa anapepeta mchele. Alisema bila kuinua macho, "Wanatupanga kando ya njia ili wa msituni wasitege kitu. Nani atalipua mama yake?"

Nilimwambia apunguze sauti. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewaza hivyohivyo tangu jana yake.

Ijumaa tukatumwa kumwaga changarawe mpya kwenye kona kubwa, karibu na mikorosho. Pale njia inateremka, kisha inapinda kulia ghafla. Changarawe ile ilitaka kumwagiwa maji na kushindiliwa siku mbili nzima. Nikamweleza kapitao.

"Wametaka njia ipendeze," alisema. "Imependeza. Nyamaza."

Jumapili tulifika kabla jua halijawa kali. Wakuu walikaa juu ya mteremko, chini ya turubai, na mbele yao wamepanga magunia ya mchanga. Niliyatazama sana yale magunia. Sisi tulikuwa na kamba moja ya katani, imefungwa kwenye vijiti, upande wa kushoto wa kona. Mimi nikaambiwa niishike isilegee. Upande wa kulia kulikuwa na vichaka, na askari hawakutaka watu wakae karibu na vichaka, wasije wakapotelea humo. Kushoto kulikuwa kweupe; kila kichwa kilionekana kutoka kwenye turubai.

Magari yalikuwa matatu, yakiondoka moja moja pale penye turubai, yakiteremka hadi konani na kuzunguka kurudi juu. La kwanza la mwenye duka, ambaye alipunguza mwendo mapema kila kona, kama mtu anayejua bei ya tairi. La pili liliendeshwa na ofisa kijana wa jeshi. Huyo alijua kuendesha, mikono yake imetulia. La tatu, jeupe, lilikuwa la msimamizi wa shamba la katani. Yeye alishuka ule mteremko kama anafukuzwa, akakanyaga breki akiwa ameshaingia konani, na usukani akawa anapambana nao kushoto kulia. Mwenye kushika saa alikuwa rafiki yake wa kunywa naye. Kwa wenzake alibonyeza saa bendera inaposhuka. Kwake yeye gari lilishaondoka ndipo kidole kikabonyeza. Nilimwona kwa macho yangu, na nadhani naye aliniona nikimwona.

Mzunguko wa kwanza gari jeupe lilipita mkia ukiserereka kuja kwetu. Mawe yakaturukia miguuni. Watu wakacheka, wengine wakapiga vigelegele, maana tuliambiwa tushangilie. Mimi niliangalia alama za tairi. Zilikuwa zimefika hatua mbili tu kutoka kwenye kamba.

Aliyesimama mbele kabisa alikuwa shangazi yangu, mdogo wa baba, na miguu yake ilikuwa imevimba.

"Shangazi, vukeni ng'ambo," nilimwambia. "Wote. Upesi, kabla hayajarudi."

"Sipai atatupiga."

Sipai, polisi mweusi wa serikali, alikuwa ameshanisogelea. Alikuwa mtu wa nyanda za juu za bara, mrefu, na fimbo mkononi. "Amri ni upande huu," alisema.

"Bwana mkubwa, changarawe hii nimeimwaga mimi. Haijashindiliwa. Mzunguko ujao lile jeupe linakuja hapa."

Alinitazama. Akatazama kule kwenye turubai. Kisha akainama kufunga kamba ya kiatu, na akaifunga kwa muda mrefu mno. Watu wakavuka.

Gari jeupe liliporudi halikupinda kabisa. Lilikata kamba, likapita palepale alipokuwa shangazi, likapinduka mara mbili, likalala chali. Tulisikia injini tu, inaunguruma magurudumu yakiwa juu. Msimamizi akatolewa mkono umevunjika, uso umejaa vumbi, na neno la kwanza alilosema lilikuwa, "Kuna mtu ametega kitu barabarani."

Hapo ikaulizwa: nani aliwavusha watu?

Nilipelekwa mjini nimefungwa mikono. Swali lilikuwa moja siku zote. "Nani alikuambia gari litaanguka?"

"Changarawe, senyori."

Kwa jibu hilo nilipigwa palmatória, ule ubao wenye matundu, mpaka viganja vikashindwa kushika kijiko. Mtu akishajua jambo kabla halijatokea, kwao lazima awe ameambiwa na msitu. Kwamba kibarua anaweza kuisoma barabara yake mwenyewe, hilo halikuwaingia.

Siku ya tisa mlango ukafunguliwa. "Nenda," wakasema. Sikupewa sababu.

Nilidhani nimemaliza. Lakini pale kijijini nilipofika kisimani maneno yalikatika. Wengi walichukuliwa vile na hawakurudi. Mimi nimerudi, tena kwa miguu yangu. Nimewauzia Wareno nini? Rafiki niliyekuwa nakula naye sahani moja akaanza kushiba kabla sijakaa. Hata mke wangu, akinikanda viganja kwa maji ya moto, aliniuliza, "Hukutaja mtu?" Nilimwambia sikutaja. Aliendelea kukanda, ila swali halikuondoka machoni mwake.

Shangazi ndiye aliyekuja na mkeka wake, mchana, akautandika mlangoni pangu watu wote wakiona. "Mimi ningekuwa kaburini," alisema kwa sauti kubwa. "Mwenye neno aje aniambie mimi." Wengine walilegea baada ya hapo. Si wote.

Miezi mingi baadaye nilikutana na yule sipai sokoni, ananunua muhogo. Nikamuuliza kama ndiye aliyenitaja.

"Ndiyo," alisema. "Nisingekutaja wewe ningekuwa mimi. Lakini ni mimi pia niliyewapeleka wakachimbe konani, wakaona changarawe haijashikana. Ndiyo maana ukatoka."

Huenda ni kweli. Huenda alijua kwamba vita vinaelekea mwisho na akaanza kutafuta watu wa kumsemea. Nilimsaidia kufunga muhogo wake kwenye gunia, nikamuaga vizuri, na nikapita njia nyingine kurudi nyumbani, ili asijue nyumba yangu ni ipi.