Karani anayewahesabu wafungwa kabla hawajafika gerezani

Saa moja na nusu asubuhi Darlene Kopecky ameshavua mabuti ya theluji, ameshavaa viatu vya ofisini na ameshaanza kukasirika. Mkononi ana fomu ya kijana aliyeiba pikipiki ya theluji. Kwa mujibu wa fomu hiyo, mahakama imemfunga miezi 480.

Darlene anainua simu.

“Habari za asubuhi. Mmemfunga mtu miaka arobaini kwa pikipiki ya theluji. Ilikuwa ya gavana, au?”

Upande wa pili karatasi zinapekuliwa kwa muda mrefu. Kumbe ni miezi arobaini na minane. Mtu aliongeza sifuri. Darlene anashukuru kwa adabu, anakata simu, anairekebisha fomu kwa kalamu nyekundu na kujimiminia kahawa kutoka kwenye chupa aliyokuja nayo. Kahawa ya ofisini, anasema, hata mfungwa angeikatia rufaa.

Darlene, mwenye umri wa miaka 61, ni karani wa takwimu katika Tume ya Hukumu ya jimbo, ofisi ya watu sita iliyo juu ya duka la vifaa vya kuvulia samaki kwenye barafu. Kila anayehukumiwa kwa kosa kubwa jimboni hujaziwa fomu yenye visanduku 41: kosa lake, miaka yake ya kifungo, rekodi yake ya makosa. Fomu karibu elfu kumi na moja hupita mikononi mwa Darlene kila mwaka. Baada yake huingia kwenye hesabu za mtakwimu wa tume, Anselm Rudd, ambaye huliambia bunge la jimbo magereza yatakuwa na watu wangapi mwaka kesho na miaka inayofuata.

“Watu wanadhani kompyuta ndiyo inayotabiri,” anasema Darlene. “Kompyuta inatabiri nilichoilisha. Nikiilisha upuuzi, inatabiri upuuzi, tena kwa rangi na michoro.”

Amefanya kazi hiyo kwa miaka 23. Mshahara wake ni dola 41,000 kwa mwaka, na binti yake anayeuza matrekta humcheka kila Krismasi. Mara mbili alipewa nafasi ya kuhamia idara ya barabara kwa pesa nzuri zaidi, akakataa. Akiulizwa sababu, husimulia kisa cha miaka mitatu iliyopita, na akikisimulia huacha kutania.

Mwaka huo makadirio yalikosea kwa watu zaidi ya mia. Kaunti kadhaa zilichelewesha fomu, bunge likaamini vitanda vinatosha, na ilipofika vuli wanaume 62 wakawa wanalala kwenye ukumbi wa michezo wa gereza la Stoddard Flats. Vyoo vilikuwa viwili. Mkurugenzi wa tume aliwapeleka wafanyakazi wote wakajionee.

Darlene alisimama katikati ya magodoro akiwa hajui aweke wapi mikono yake. Mzee mmoja wa makamo yake, aliyekuwa amekaa chini kwa sababu ya nyonga mbovu, alimuuliza kama wao ndio wanaowahesabu wafungwa. Alijibu ndiyo.

“Basi mimi hamkunihesabu,” mzee yule akasema, na kurudi kwenye gazeti lake.

“Hakunitukana,” anasema Darlene. “Afadhali angenitukana.”

Ndiyo maana Januari hii, Anselm alipotoa makadirio ya awali yanayoonyesha kwamba baada ya miaka miwili vitanda 85 vitabaki bila watu, Darlene hakuwa miongoni mwa walioshangilia. Kamati ya bunge ilishangilia sana. Mara moja ilipanga kupiga kura ya kufunga bweni lenye vitanda 80, palepale Stoddard Flats. Makadirio ya mwisho yalitakiwa yafike kwao Ijumaa saa sita mchana. Darlene alikuwa na siku nne.

Alianza kuzipitia upya fomu za miaka miwili, kaunti kwa kaunti, na kwenye kaunti ya Brandvold akaliona tatizo. Lilikuwa kwenye kisanduku cha ishirini na sita.

Kisanduku hicho kinauliza jambo moja tu. Mtu akiwa na vifungo viwili, je, vitakwenda pamoja, au cha pili kitaanza baada ya cha kwanza kuisha? Jibu ni neno moja: “pamoja” au “baada”. Mwenye miaka mitatu na miaka minne anaweza kutoka baada ya minne, au baada ya saba. Kisanduku kikiachwa wazi, kompyuta ya tume huchukulia kwamba vifungo vinakwenda pamoja.

Brandvold walikuwa wamekiacha wazi mara 118.

Alimpigia karani wa mahakama ya huko, Verna Hutchens, ambaye wanafahamiana kwa simu kwa muda mrefu ingawa walikuwa hawajawahi kuonana. Verna hakuona tatizo lolote.

“Darlene mpenzi, mbona huku kila mtu anajua. Jaji Amundsrud hachanganyi vifungo. Kimoja kikiisha ndipo kingine kinaanza. Miaka kumi na tisa sasa.”

“Kila mtu nani?”

“Mawakili, polisi, hata mama anayeuza pai hapo mbele ya mahakama.”

“Kompyuta yangu haijafika kununua pai huko kwenu, Verna.”

Kumbe jaji mwenyewe halitamki jambo hilo mahakamani, kwa kuwa haoni haja ya kusema kinachojulikana. Na asipolitamka, Verna hana ruhusa ya kuliandika. Darlene alipompelekea Anselm habari hiyo, mtakwimu alishika kichwa, akasema anamwamini kabisa ila hawezi kubadilisha hesabu ya jimbo kwa neno la muuza pai. Alitaka maandishi na saini ya jaji.

Kuomba gari la ofisi huchukua siku kumi. Jumatano alfajiri Darlene alipakia boksi la nakala 118 kwenye gari lake dogo la mizigo na kuendesha maili 140 kwenye barabara yenye barafu. Njia nzima, anakiri, alikuwa akigombana na jaji ambaye hakuwemo garini, na alikuwa akishinda.

Jaji Orville Amundsrud, mwenye umri wa miaka 67, alimpokea ofisini kwake akila mkate wenye mayai, huku Verna amesimama mlangoni. Jaji alieleza kwa upole kwamba sheria inamtaka aamue kesi, haimtaki ajaze visanduku. Darlene hakubishana. Alimwambia tu kwamba kwa visanduku hivyo ndipo vitanda vya gereza huhesabiwa. Aliweka nakala zote mezani, karibu kabisa na sahani, na juu ya nakala akaweka kalamu.

Jaji alianza kwa kasi, kama mtu anayetaka kurudi kwenye chakula chake. Baada, baada, baada, saini. Alipofika kwenye fomu ya thelathini hivi mwendo ulipungua. Akaanza kuisoma miaka. Akarudia fomu mbili alizokwisha kutia saini, akazilinganisha, akavua miwani.

“Hizi zote ni zangu?”

“Ndiyo, mheshimiwa.”

“Ni vitanda vingapi?”

“Ukihesabu miaka miwili mbele, sabini na kimoja.”

Jaji alizitazama tena fomu zilizobaki.

“Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza,” jaji akasema.

Darlene alikuwa ameendesha gari kwa saa tatu na hakuwa amekula kitu. “Kisanduku kilikuwa kinakuuliza, mheshimiwa. Mara mia moja na kumi na nane.”

Verna akageuka akatazama dirishani. Jaji aliivaa miwani, akaendelea hadi fomu ya mwisho, na zote 118 akaandika “baada”. Saa kumi jioni Darlene alikuwa barabarani tena, amepewa kipande cha pai cha njiani.

Ijumaa saa tano asubuhi Anselm alimaliza kurudia hesabu. Vitanda 85 vilivyokuwa vibaki bila watu viligeuka 14. Jumanne kamati ilikutana, mwenyekiti akalalamika kwamba tume haijui kuhesabu, maana haiwezekani wiki hii useme hivi na wiki ijayo useme vile. Hata hivyo, kwa tofauti ya kura moja, bweni la Stoddard Flats halikufungwa.

Hakuna aliyemshukuru Darlene. Alipata barua ya onyo kwa kusafiri kikazi bila kujaza fomu ya safari. Ameibandika ukutani, karibu na kalenda.

Mwezi Aprili anastaafu. Ameshaandika ombi kwamba mfumo mpya ukinunuliwa uikatae fomu yoyote yenye kisanduku cha ishirini na sita kilicho wazi. Amejibiwa kwamba litafikiriwa. Kwa hiyo anamfundisha Rosalind Teague, anayechukua nafasi yake, namna ya kupiga simu: kaunti gani wanaanza kwa kuzungumzia hali ya hewa, kaunti gani usipige kabla ya saa tatu, karani gani mumewe mgonjwa.

“Hilo ndilo ninalolitaka,” anasema. “Nikishaondoka, awepo mtu wa kuinua simu. Hao walioko kule gerezani hawana namna ya kutupigia wao.”

Wiki iliyopita ilikuja bahasha ya kwanza kutoka Brandvold tangu ile safari. Fomu saba, na kisanduku kimejazwa kwenye zote, kwa mwandiko wa jaji mwenyewe. Sita zilisema “baada”. Ya saba, ya kijana wa miaka 22 mwenye vifungo viwili vya miaka mitatu mitatu, ilisema “pamoja”.

Darlene aliona lazima ni kosa. Akapiga simu.

“Si kosa,” Verna akamwambia. “Nilikuwa nimesimama hapo. Aliishikilia kalamu bila kuandika mpaka nikadhani amesinzia.”

Darlene akamshukuru, akakata simu, na kuiingiza fomu ile kama ilivyoandikwa: miaka mitatu.