Mnoa visu aliyeachiwa kuchagua mgahawa wa wakwe

Saa tatu asubuhi, mlango wa nyuma wa mgahawa mkubwa wa sushi unasukumwa kwa goti. Anayetoka ni mpishi mnene mwenye aproni iliyolowa, amebeba ndoo ya plastiki kwa mikono miwili. Ndani ya ndoo kuna visu kumi na vinane.

"Mzee Cheche, leo usivitazame sana usoni," anasema mpishi akiitua ndoo. "Vimeamka vibaya."

"Hivi havijalala," anajibu mzee. "Hivi vimepigana."

Baiskeli yake imesimama kwenye stendi, gurudumu la nyuma likiwa hewani. Juu ya fremu amefunga cherehe, lile jiwe la mviringo la kunolea, likiunganishwa na gurudumu kwa mkanda. Akikanyaga pedali baiskeli haiendi popote. Jiwe ndilo linalozunguka, na cheche zinaruka mpaka ukutani. Ndiko lilikotoka jina lake.

Anainua kisu cha kwanza kwenye mwanga. Anapitisha kidole gumba kukatisha makali, taratibu. Anakiweka. Anachukua cha pili, kisha cha tatu. Bado hajanoa hata kimoja, na tayari ameshuka kwenye tandiko mara mbili, akazunguka baiskeli, akapanda tena.

"Tazama," anasema. Makali ya kisu yana mapengo madogo madogo, kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza. "Nyama ya samaki haing'oi meno ya kisu. Hii ni barafu."

Simu inalia mfukoni. Anajua ni nani kabla ya kuitazama.

"Baba, umechagua?"

"Nachagua."

"Jana ulisema hivyo hivyo."

"Na jana nilikuwa nachagua, mwanangu."

"Baba, kesho kutwa ni Jumamosi!"

Mzee Cheche ana umri wa miaka hamsini na saba. Kunoa visu alifundishwa na mjomba wake, na tangu hapo hajafanya kazi nyingine. Leo ana majiko kumi na moja anayoyapitia kila juma, na mengi kati ya hayo yanauza sushi: matonge madogo ya wali uliotiwa siki, na juu ya kila tonge kipande cha samaki, mara nyingi mbichi.

Yeye mwenyewe hajawahi kuonja. "Samaki mbichi? Hata paka wangu husubiri achemshwe," anasema, na kucheka peke yake.

Taabu yake ilianzia mdomoni mwa binti yake wa pekee, anayefanya kazi kwenye kaunta ya duka la dawa. Binti amechumbiwa, na mama wa mchumba, mkunga mstaafu, anapenda sushi kuliko chakula chochote. Siku moja katika mazungumzo binti alijisifu kwamba baba yake anayajua majiko yote ya sushi ya mji huu. Mkunga akafurahi. Akasema basi, siku familia zikikutana kwa mara ya kwanza, baba achague mahali.

"Mwanangu hakudanganya," anasema Mzee Cheche. "Ninayajua. Ila ninayajua kwa mlango wa nyuma. Mbele sijawahi kuingia. Sasa nikikosea, aibu si yangu. Ni yake yeye, na ataolewa nayo."

Kabla hajamaliza ndoo, meneja wa mgahawa anatokea mlangoni. Ni mwanaume mchangamfu, shati limepigwa pasi hadi kwenye kwapa.

"Mzee wangu, habari zimenifikia. Jumamosi unaleta wakwe."

"Wanasema hivyo."

"Basi walete hapa. Meza ya dirishani, chakula nusu bei, vinywaji nitalipa mimi. Wakwe watakuheshimu mpaka wakuogope."

"Ahsante, meneja. Nitakujibu."

"Utanijibu?" Meneja anamgeukia mpishi. "Umemsikia huyu? Anapewa embe, anauliza mbegu!"

Mzee anacheka nao, lakini mguu wake umeshaanza kukanyaga pedali bila kisu chochote mkononi. Mgahawa huu peke yake unampa karibu theluthi ya mapato yake. Akiukosa, anasema, nyumbani watakula, lakini watakula wakitazamana.

Ingekuwa rahisi kusema kisu chenye mapengo ni ushahidi wa samaki mbaya. Si hivyo, na Mzee Cheche ndiye wa kwanza kukataa. Mgahawa ule hujaa kila mchana, na wateja hurudi.

"Kugandisha samaki si kosa, majiko mengi yana friza," anaeleza akifungua mkanda wa cherehe ili aondoke. "Ila samaki wa barafu anataka kungojwa ayeyuke. Hawa hawamngoji. Mimi sisemi samaki wao ni mbaya. Nasema kisu kinaniambia wana haraka."

Anapanda baiskeli. Kituo cha pili ni mgahawa uliopakana na benki. Visu vyake vina makali mazuri, lakini mipini inanata kwa mafuta ya siku nyingi, na mzee ananawa mikono mara mbili kabla ya kuondoka. Kituo cha tatu kina visu safi, mipini mikavu, wapishi wenye salamu nzuri. Anapata moyo. Anaomba kuona kitabu cha vyakula. Kina picha za aina themanini za sushi.

"Themanini, na zote zipo leo?" anamuuliza mhudumu.

"Zipo kila siku, mzee."

"Kila siku?" Anarudisha kitabu kwa mikono miwili. Nje, anatikisa kichwa. "Aina themanini kila siku. Hiyo bahari ya nani?"

Simu inalia tena. Haipokei. Anasimama kando ya barabara, mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedali, na kuyahesabu majiko yake kwa sauti ya chini. La mkono huu lina kisu kilichovunjika ncha kwa kufungulia makopo. La mkono ule lina visu vyenye kutu karibu na mpini. Anafika mwisho wa hesabu, anaanza upya.

"Ngoja," anasema. "Kuna yule mama."

Yule mama ana mgahawa mdogo wa viti vinane, katikati ya duka la matairi na duka la kutolea nakala. Ni mpishi na ndiye mwenye mali. Miaka sita Mzee Cheche amekuwa akigonga mlango wake wa nyuma, na miaka sita jibu ni moja: leo hapana, kaka. Na kesho? Na kesho pia hapana. Nyumbani kwa mzee anajulikana kwa jina la Mama Hapana.

"Nilidhani ana maringo," anasema akikata kona. "Nilimwambia mke wangu, yule mama visu vyake vinakata kwa dua."

Leo anaegesha baiskeli mbele. Anaufungua mlango ambao hajawahi kuugusa. Mama Hapana ameinama kwenye ubao wa kukatia, mgongo kwa mlango.

"Hapana, kaka."

"Sijasema kitu!"

"Nimesikia baiskeli."

"Leo sikuja kunoa. Nimekuja kula."

Mwanamke anageuka. Ni mfupi, mikono yake imelowa, kitambaa cheupe kichwani. "Wewe?"

"Mimi."

"Haya, kaa."

Mzee anakaa. Anasimama. Anakaa kwenye stuli nyingine. Mama Hapana anamwanzia mbali, kama mtu anayemwingiza mtoto majini: kwanza tonge lenye kipande cha yai, kisha lenye kamba aliyechemshwa. Wali ni wa vuguvugu, haujatoka kwenye friji. La tatu ni jodari mbichi, mwekundu. Mzee anafumba macho kama anayengoja sindano. Anatafuna. Anafumbua jicho moja.

"Hana harufu."

"Angekuwa na harufu nisingekupa. Ungenirushia."

Ukutani kuna ubao mweusi wenye majina ya samaki. Matatu kati ya hayo yamefutwa kwa mstari wa chaki. Mzee anauliza hao wamekwenda wapi.

"Muuza samaki aliwaleta asubuhi," anasema Mama Hapana. "Nikawatazama macho, nikawafunua mashavu. Nikamwambia arudi nao."

"Akasemaje?"

"Akasema naringa."

Hapo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Mzee Cheche anatulia. Miguu haichezi, vidole havigongi meza. Anautazama ubao tena.

"Nionyeshe kisu chako, dada."

Anamwonyesha. Ni kirefu, chembamba, makali yake ni ya upande mmoja tu. Upande wa pili ni bapa. Mama Hapana hukinoa mwenyewe kwa mkono, juu ya jiwe lenye maji, kila akifunga kazi.

"Cherehe yako ni nzuri kwa visu vya nyama," anasema. "Hiki ingekiunguza."

"Kweli, ingekiunguza." Mzee anakirudisha kwa uangalifu. "Lakini dada, si ungeniambia hivyo tangu zamani?"

"Nilikuwa nakwambia. Wewe ulikuwa unaondoka sentensi ikiwa nusu."

Barabarani, akisukuma baiskeli badala ya kuipanda, mzee anaeleza alichokiona. "Mtu aliyeweza kunikatalia mimi miaka sita, atamkatalia na muuza samaki. Nimekuwa nikitafuta mgahawa miongoni mwa walioniambia ndiyo. Kumbe nilikuwa natafuta upande mbaya."

Hadi hapo angeweza kunyamaza. Wakwe wangekula kwa Mama Hapana, na meneja angepewa kisingizio cha ugonjwa wa mtu fulani. Mkewe, anayeuza nguo za watoto nyumbani, alimshauri hivyo hivyo. "Mwambie mimi naumwa," alisema. "Nitaumwa Jumamosi moja tu, Jumapili nimepona."

Lakini Ijumaa asubuhi Mzee Cheche yuko tena kwenye mlango wa nyuma wa mgahawa mkubwa, siku ambayo si zamu yake. Anazunguka baiskeli mara kadhaa kabla meneja hajatoka.

"Meneja, nashukuru sana kwa meza. Wakwe nitawapeleka kwingine."

"Wapi?"

Anamtajia. Meneja anacheka, kisha anaona mzee hacheki.

"Kile kibanda cha stuli? Kwa hiyo sisi tunafaa kukulisha wewe, ila hatufai kulisha wakwe zako?"

Mzee anashika usukani wa baiskeli. "Umenilisha, nami sikatai. Kwa sababu hiyo nakwambia mwenyewe, usisikie kwa watu. Visu vyako vinang'oka meno. Wanakata samaki hajayeyuka. Mimi nanoa, wiki ijayo mapengo yamerudi. Nalipwa kwa mapengo hayo, lakini siwezi kumkalisha mwanangu juu yake."

Meneja anautazama ukuta wenye madoa ya cheche. "Juma lijalo usije," anasema. "Mpaka nikupigie."

Mlango unafungwa. Baada ya muda unafunguka tena, na mpishi mnene anatoa kichwa.

"Mzee, umesema kweli," ananong'ona. "Oda zinaingia kumi kwa pamoja, nani atangoja barafu? Mimi nimesema mpaka nimechoka." Anasita. "Atakupigia. Visu vikigoma kukata, atakupigia."

"Asipopiga?"

Mpishi anajifuta mikono kwenye aproni. Anarudi ndani.

Njiani simu inalia, na safari hii mzee anaipokea akiwa bado juu ya baiskeli.

"Nimechagua," anasema, na kumweleza binti yake.

"Baba, kuna kiyoyozi?"

"Kuna feni."

"Mtandaoni ana picha?"

"Hana."

"Viti vyake vikoje?"

"Stuli."

"Baba! Mama mkwe ana mgongo! Alizalisha watu miaka thelathini ameinama, leo umkalishe kwenye stuli?"

Anageuza baiskeli katikati ya barabara, gari linampigia honi, naye anaomba radhi kwa mkono. Kwa Mama Hapana anauliza kama kuna kiti chenye egemeo.

"Hapana," anasema yule mama, bila kuinua macho. Kisha anaongeza, "Lete chako. Nitaondoa stuli mbili kipate nafasi."

Ijumaa jioni, nje ya nyumba yake ya vyumba viwili, Mzee Cheche amelifungua jiwe la cherehe kwenye fremu na kuliweka ukutani. Mahali pake anafunga kiti cha mbao chenye mto, kile anachokalia mkewe akishona. Kamba inateleza. Anaifungua, anaifunga upya.

"Wewe hata kamba inakuchoka," anasema mkewe kutoka mlangoni. "Kaa chini kidogo, baba wee."

"Kiti si nimeshakifunga?"

Meneja hajapiga. Mzee ameshapanga kwamba Jumatatu ataanza upande wa hospitali, kwenye mabucha na majiko ya shule, ambako hajawahi kupita. Watakuwapo wa kumkatalia, anasema, nao atawasikiliza mpaka wamalize. Na mapema mwakani, akipata nafasi, angependa kumwomba Mama Hapana amfundishe kunoa kwa mkono makali ya upande mmoja. Hajui kama atakubali.

Kuhusu kesho, ana hofu moja na tumaini moja. Hofu ni kwamba mkunga ataingia, ataona feni na ukuta wenye rangi iliyobanduka, atamtazama mwanawe, na binti ataliona jicho hilo. Tumaini ni tonge la kwanza.

"Ataniuliza nimechaguaje, kwa kuwa ndiye aliyeniachia kuchagua," anasema akikikaza kiti kwa mara ya mwisho. "Nitamwambia ukweli. Mama, majiko kumi na moja ya mji huu yananipa kazi. Hili halijawahi kunipa hata siku moja. Kisha nitanyamaza, nimwache ale."