Aliyeokoka Kila Jumapili

Hebu mwone anavyoingia kanisani: mbiombio, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni, uzi mweupe umeganda kwenye sketi, macho yanatafuta benchi la karibu na njia. Si kwamba anapenda kuonekana. Hataki tu kumkanyaga mtu wakati wa kwenda mbele ukifika.

Maana atakwenda. Mchungaji akishauliza nani anataka kumpa Yesu maisha yake, fundi cherehani wetu huyo, kasimama. Huomba sala ya toba kwa machozi ya kweli, hurudi mwepesi kama pamba, na kufika Jumatano wepesi wote umeyeyuka. Kamfokea mteja, au kasali huku anawaza vifungo. Basi moyo unaanza: huenda sikumaanisha, huenda sijaokoka. Watu wakambandika jina, Mama Mbele. Hucheka nao, ila akibaki peke yake na cherehani, kicheko hukatika.

Ndipo dada yake akalazwa hospitali, kesho yake apasuliwe.

"Niombee, mdogo wangu," dada akasema.

"Mimi? Ngoja nimwite mchungaji."

"Nakutaka wewe."

"Nitakuombeaje, dada, nami mwenyewe sijui kama nimeokoka?"

Dada akacheka mpaka akashika tumbo. "We! Na safari zote zile? Hata zulia la kanisa linakujua!"

"Usinitanie. Naogopa."

Dada akamtazama. "Ulipotumbukia mtoni tukiwa wadogo, uliokoka au uliokolewa?"

"Si yale yale?"

"Nijibu."

"Niliokolewa. Ulinivuta gauni."

"Na wewe ulinishika vizuri?"

"Nikushike na nini? Mikono ilishakufa ganzi. Wewe ndiye uliyenishika."

"Haya. Na Yesu, unamwamini?"

"Namwamini. Sina mwingine."

"Basi niombee."

Akaomba, maneno yakigongana, na kwa mara ya kwanza hakuanza kwa kujiombea aokoke upya.

Jumapili ikafika. Dada alikuwa ametoka salama chumba cha upasuaji, yumo wodini anadai uji. Kanisani mchungaji akaita. Goti la Mama Mbele likaanza kucheza. Jirani yake, mpishi wa shule, kwa mazoea akakunja miguu kumpisha.

"Pita, mama."

"Leo sipiti."

"Kulikoni, unaumwa?"

"Siumwi. Nimeshaokolewa."

Alilisema kwa sauti ndogo, kama anayejaribu kiatu kipya, huku vidole vimeng'ang'ania benchi. Mara mbili alijiinua kidogo, mara mbili akajirudisha. Akili ikamwambia: na kama unajidanganya? Hakuwa na jibu la kuinyamazisha. Alikuwa na jina la Yesu tu, akalitaja chinichini, akaendelea kukaa. Goti lilitetemeka mpaka wimbo wa mwisho.

Sasa niambie wewe unayesoma: mtu aliyekaa huku anatetemeka vile, imani yake ni ndogo, au ndiyo imani yenyewe?